Udongo, chupa na binti zetu

Juma hili tunaacha kidogo mambo ya karo na mitihani, tunaingia shantiye.

Tangu vita vya Djugu vilipoanza tena mwisho wa mwaka 2017, Bunia yetu haijaacha kupanuka. Wengine wako bado katika kambi, kule Kigonze na penginepo. Wengine wamepata parsele ndogo na wanataka kusimamisha nyumba. Hata katika likelemba zetu, mama akipokea zamu yake, mara nyingi feza ile inakwenda kwa matofali na bati. Basi tuongee juu ya matofali yenyewe, na juu ya nani anajua kuyatengeneza.

Tofali la kuchoma tunalijua wote. Linataka udongo wa bondeni, kalibu ya mbao, tanuru, na kuni nyingi sana. Miti inayoingia katika tanuru ndiyo ile ile tunayoitafuta kwa makaa. Sisi tunaopika tunashindana na tanuru kila siku, hata kama hatulioni.

Kuna njia nyingine isiyotaka moto. Miaka ya 1950, kule Kolombia, injinia Raúl Ramírez alitengeneza mashine ya mkono ya kushindilia udongo, wakaiita CINVA-Ram. Udongo wenye unyevu kidogo unachanganywa na sima kidogo, mtu anavuta mkono wa chuma, tofali linatoka tayari kwa kukauka. Jirani zetu wa Uganda wameendelea mbele: Moses Musaazi, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Makerere, alijishughulisha na matofali ya namna hiyo yenye meno ya kushikana, ambayo hayali sima nyingi katikati. Mwaka 2009 UN-Habitat ilitoa kitabu kizima juu ya kazi hiyo ya Uganda.

Wengi wakisikia hayo wanauliza bei ya mashine. Sisi tunaona swali la kwanza ni lingine. Kuvuta mkono wa chuma, kijana yeyote mwenye nguvu anaweza. Ujuzi uko katika udongo.

Chukua chupa safi. Tia udongo mpaka nusu, ongeza maji, tikisa sana, weka mezani mpaka maji yawe meupe. Mchanga utalala chini, vumbi laini katikati, ufinyanzi juu. Hapo unaona kwa macho kama udongo wako ni mchanga mtupu au ni ufinyanzi mtupu, na vyote viwili havifai peke yake. Na ule udongo mweusi wa juu, wenye mizizi, usiutie kabisa. Ule ni wa mboga.

Halafu kuna sanduku. Ndani yake liwe na urefu wa sentimita 60, upana 4, kina 4. Jaza udongo uliolowa, shindilia, acha juani siku 3 au kivulini siku 7. Udongo utapunguka. Usukume wote upande mmoja, pima nafasi iliyobaki. Ikiwa haifiki sentimita moja na robo, ndoo 1 ya sima inatosha kwa ndoo 18 za udongo. Ikifika karibu sentimita 5, unahitaji ndoo 1 kwa 12. Katikati ya hapo, 16 na 14. Wamama, haya ni mahesabu tunayofundisha watoto wa shule ya msingi! Anayejua sanduku hili anajua kama utanunua mifuko 10 ya sima au mara moja na nusu yake.

Maji nayo: finyanga donge la mkono, liangushe kutoka usawa wa bega. Likivunjika vipande vichache, ni sawa. Likibondeka kama fufu, maji yamezidi. Likiwa vumbi, ongeza.

Na mwisho, tofali likitoka mashineni lisianikwe juani. Lifunikwe kivulini, lipate maji kidogo kidogo muda wa juma moja kwa uchache. Nguvu yake kamili inakuja siku ya 28. Katika kartie moja tumeona ukuta uliojengwa kwa haraka, matofali yamekauka juani siku 2 tu. Mvua ya kwanza ilikula mistari ya chini kama panya. Feza ya mama mjane, ya mwaka mzima.

Sasa tazama shantiye yoyote mjini. Nani anabeba maji? Nani anabeba mchanga? Ni wanawake na binti, wanalipwa kwa safari. Kijana aliyeanza siku moja nao anapewa mwiko na timazi. Baada ya miaka 2 anaitwa fundi, na binti angali na ndoo kichwani. Mama mmoja alituambia shantiye si mahali pa msichana. Tulimjibu kwa heshima: mama, wako pale tayari. Vumbi wanakula, jua linawapiga, maneno mabaya wanayasikia. Wanachokosa ni ujuzi na malipo yake.

Kupima udongo, kuhesabu sima, kutunza matofali siku 28, hakutaki misuli. Kunataka macho, subira na daftari. Binti mwenye seksio ya ujenzi katika shule ya ufundi, au aliyepita INPP, asiachwe kubeba ndoo.

Kwa hiyo tunaomba vikundi hivi: kabla ya kumpa fundi feza yenu ya kwanza, andikeni katika karatasi ya mapatano kwamba binti 2 wa kikundi watafanya vipimo pamoja naye na kushika daftari la matofali, kwa malipo. Fundi anayejua kazi hatakataa. Akikataa, mwombeni awaonyeshe sanduku lake.