Shangingi la Mtumba na Kodi ya Umri

Kila Desemba barabara ya kutoka Dar es Salaam kwenda Moshi hujaa mashangingi. Baba yuko kwenye usukani, watoto watatu wamekaa siti ya kati, bibi na mjukuu mdogo wako siti ya nyuma kabisa wakigombania nafasi na mabegi, na juu ya keria kuna mzigo uliofungwa kamba. Land Cruiser, Prado, Patrol, Pajero: mengi yalianza maisha Japani, yakatumika huko, kisha yakapanda meli. Kwa familia nyingi hakuna kitu cha bei kubwa watakachonunua kuliko gari hili, ukiacha kiwanja na nyumba. Lakini sikiliza mazungumzo ya kulinunua, iwe yadi au kwa wakala wa kuagiza, na swali linalotangulia mengine yote ni hili: la mwaka gani?

Serikali nazo zinauliza hivyohivyo. Kenya haipokei gari la mtumba lililozidi miaka 8. Uganda ilipiga marufuku mwaka 2018 kuingiza magari yaliyozidi miaka 15. Tanzania haikufunga mlango, imeamua kutumia kodi: gari la abiria la miaka 8 hadi 10 linatozwa ushuru wa ziada wa asilimia 15 kwa sababu ya umri, na likizidi miaka 10 ni asilimia 30. Naona umri umepewa uzito kuliko unavyostahili, na kwa magari makubwa ya familia hasara yake haiishii kwenye fedha.

Tupige hesabu. Chukua Prado ya petroli ya 2.7 iliyozidi miaka 10, ambayo TRA, mamlaka ya mapato, imeithamini dola 10,000 pamoja na usafiri na bima. Ushuru wa forodha wa asilimia 25 ni dola 2,500. Ushuru wa bidhaa kwa injini inayozidi sisi 2,000 ni asilimia 10 ya thamani hiyo pamoja na ushuru wa forodha, yaani 1,250. Ushuru wa umri, asilimia 30 ya kiasi hichohicho, ni 3,750. Juu ya vyote hivyo VAT ya asilimia 18 inaongeza 3,150. Jumla ni dola 10,650 kabla ya ada ndogondogo za bandarini. Kodi imeipita thamani ya gari lenyewe. Gari la thamani hiyohiyo lisilofika miaka 8 lingelipiwa 6,225.

Tofauti ni dola 4,425, na hapo ndipo pa kutazamwa kwa makini. Anayenunua gari kongwe mara nyingi ndiye mwenye akiba ndogo. Akishalipa kodi hiyo amebaki mikono mitupu, na gari lake linaingia barabarani na matairi yaleyale lililoshuka nayo melini, shokapu zilezile, bushi zilezile, mafuta yaleyale ya gia boksi. Kodi iliyokusudiwa kupunguza magari chakavu inachukua fedha za kuyakarabati, na inazichukua kwa magari yanayozihitaji kuliko mengine.

Wanaoitetea kodi hiyo wana hoja, na sizipuuzi. Mwaka wa kutengenezwa umeandikwa kwenye hati; ofisa wa forodha hana haja ya kubishana na mtu. Dizeli za zamani zinatoa moshi unaoua watu taratibu mijini. Bila kizuizi chochote bandari zetu zingekuwa jalala la kila nchi inayobadilisha magari yake. Yote hayo ni kweli, na ndiyo maana sitaki kodi ya umri ifutwe. Ninachopinga ni kuiacha ifanye kazi ya ukaguzi wa hali ya gari, kazi ambayo haiwezi.

Haiwezi kwa sababu gari haliondoki Japani kwa kuwa limechoka. Huko kila gari hupitia ukaguzi mkali wa lazima, uitwao shaken, miaka mitatu baada ya kuwa jipya na kisha kila miaka miwili. Gari la petroli likifika miaka 13, kodi zake zinapanda. Sheria ya moshi ya mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilizuia dizeli za zamani kuendelea kusajiliwa katika maeneo ya Tokyo, Nagoya na Osaka, na magari mengi yaliyokuwa bado imara yakatafutiwa wanunuzi nje ya nchi. Kwa hiyo Prado iliyozidi miaka 10 lakini ikatunzwa na mstaafu katika mji usio na theluji inaweza kuwa na afya kuliko isiyofika miaka 8 iliyogongwa, ikanyooshwa na kupakwa rangi. Kwetu ya kwanza inaadhibiwa, ya pili inapita.

Hali ya gari ina karatasi yake. Magari mengi ya mtumba ya Japani huuzwa mnadani, na kila moja huandikiwa karatasi ya mnada na mkaguzi wa mnada. Daraja la 4 au 4.5 ni gari zuri. 3 au 3.5 limeanza kuonyesha umri. Herufi R au RA inamaanisha limewahi kupata ajali iliyogusa muundo wake likatengenezwa. Kwenye mchoro wa bodi, A ni mkwaruzo, U ni mbonyeo, W ni alama ya kunyooshwa na kupakwa rangi upya, S ni kutu, C ni kutu iliyokula chuma. Kilomita nazo zimeandikwa, na ukiziweka kando ya zile za kwenye dashibodi utajua kama zimerudishwa nyuma. Wanunuzi wengi wanaona picha za gari likiwa limeoshwa, karatasi hii hawaioni. Waidai, pamoja na tafsiri yake.

Kutu nataka tukae nayo kidogo, kwa sababu kwa mashangingi ndiyo adui mkubwa. Land Cruiser, Prado na Patrol zimejengwa juu ya chesisi, na gari lililoishi Hokkaido au mikoa mingine ya theluji limepita miaka likirushiwa chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu. Likifika yadi, juu linang'aa. Ingia chini na tochi. Ukikuta chesisi imepakwa rangi nyeusi mpya, nzito, imefunika hadi vichwa vya bolti na kurukia kwenye mabomba ya breki, usiondoke hapo. Chukua bisibisi ugonge taratibu karibu na vishikio vya springi za nyuma na pale chesisi inapopinda juu ya difu. Chuma kizima kinalia. Kilicholiwa kinatoa sauti ya kufa, na rangi inabanduka na magamba ya kahawia. Fundi mzuri akiona hivyo anakunja vifaa vyake. Gari hilo lina tani mbili na zaidi, na mabomba hayo ya breki ndiyo yatakayolizuia kwenye mteremko wa Kitonga.

Ukiwa bado umechuchumaa, soma matairi. Ubavuni, mwishoni mwa herufi DOT, kuna tarakimu nne: 2316 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2016. Tairi linaweza kuwa na kashata nzuri na bado mpira wake umekauka na kupasuka ndani. Gari refu lenye watu saba na mzigo juu ya keria likipasuka tairi la nyuma kwenye kasi, kupinduka ni rahisi. Matairi manne mapya yawe ndani ya bajeti tangu siku ya kwanza.

Kuna jambo jingine ambalo halionekani kwa tochi. Eabegi za kampuni ya Japani ya Takata, iliyofilisika mwaka 2017, ziliwekwa kwenye mamilioni ya magari ya Toyota, Honda, Nissan, Mitsubishi, BMW, Ford na wengine. Kemikali inayozijaza huharibika kwa joto na unyevunyevu wa miaka mingi, na siku ya ajali kopo lake hupasuka na kurusha vipande vya chuma usoni mwa dereva au abiria. Zaidi ya watu 30 duniani wamekufa hivyo. Joto na unyevunyevu ndiyo hali ya hewa ya Dar es Salaam, Tanga na Mombasa mwaka mzima. Si kila modeli imo, wala kila mwaka, ila kujua ni rahisi: namba ya chesisi ikiingizwa kwenye tovuti ya mtengenezaji ya Japani, jibu linatoka la kama gari hilo liliitwa kurekebishwa na kama lilirekebishwa. Japani yenyewe tangu 2018 haiyapitishi kwenye ukaguzi magari yenye eabegi hatari zisizobadilishwa. Sisi tunayahesabia miaka.

Namba ya chesisi inakwambia na injini. Prado inayoanza na TRJ ni petroli ya 2.7, GRJ ni petroli ya 4.0, KDJ ni dizeli ya 3.0, GDJ ni dizeli ya 2.8. Toyota ilipoleta umbo la 150 mwaka 2009, kwa soko la Japani haikuweka dizeli hadi 2015. Dizeli ya 3.0 ina nguvu na jina kubwa mitaani, lakini nozeli zake zikianza kuvuja zinaweza kutoboa pistoni, na gharama yake inaumiza. Dizeli ya 2.8 ina chujio la masizi linalohitaji safari ndefu. Mtu wa foleni za Mbagala atalisumbua nalo litamsumbua. Petroli ya 2.7 hupanda mlima polepole na hunywa mafuta kuliko wengi wanavyotarajia, ila haina tabo, inatumia cheni badala ya mkanda wa taimingi, na spea zake ziko kwenye masoko ya spea ya Gerezani na Grogan bila kutafutana. Kwa familia ningechagua hiyo. V8 ya Land Cruiser 200 mara nyingi ina matangi mawili yanayobeba lita 138. Anayesita kuyajaza yote kwa mkupuo asiinunue. Discovery 3 ya dizeli kutoka Uingereza inauzwa kwa bei ya kuvutia sana, na mafundi wanajua kwa nini: kazi kadhaa za injini yake zinadai bodi lote linyanyuliwe kutoka kwenye chesisi.

Halafu kuna siti ya nyuma kabisa, ambayo ndiyo sababu ya familia kununua gari la watu saba. Mkae humo nyinyi wazazi kwa nusu saa kabla ya kulipa. Mashangingi mengi yana nafasi finyu ya miguu huko, na siti ikifunguliwa buti linabaki la kuweka mkoba mmoja. Angalia mikanda: magari ya miaka ya 1990 mara nyingi yana mkanda wa kiunoni tu kwa anayekaa katikati. Vishikio vya kiti cha mtoto vya ISOFIX vilikuwa sharti kwa magari mapya Japani kuanzia 2012; kabla ya hapo yapo yaliyonavyo na yasiyonavyo. Kwa hili umri wa gari una maana, nakubali.

Na familia ambayo njia zake zote ni lami, kutoka Kimara hadi Moshi na kurudi, ijiulize kama inahitaji shangingi hata kidogo. Noah ina safu tatu halisi za siti, milango ya kuteleza ambayo bibi anaingilia bila kushikwa mkono, na injini ya lita mbili inayotozwa asilimia 5 badala ya 10. Alphard ni pana zaidi. Shangingi lina haki yake kwa anayekwenda shamba wakati wa masika, au kijiji ambacho lami iliishia njia panda.

Kwa upande wa sera, shirika la viwango, TBS, tayari hukagua magari ya mtumba, na TRA tayari inayo namba ya chesisi ya kila gari. Kanuni moja ingetosha kuanzia: hakuna gari linaloingia bila karatasi yake halisi ya mnada, kwa yale yaliyopita mnadani, na uthibitisho kwamba halina eabegi zilizoitwa kurekebishwa. Gari kongwe la daraja la 4 lisilo na kutu lipunguziwe ushuru wa umri, na la R lilipe ushuru wote hata kama ni la juzi. Zipo zitakazoghushiwa, lakini karatasi za mnada zinahifadhiwa na zinaweza kuhakikiwa kwa namba ya chesisi kwa ada ndogo. Hadi hapo, anayeagiza azidai karatasi hizo mwenyewe kwa wakala kabla ya kutuma fedha, na asipopewa aliache gari hilo atafute lingine.