Tairi la Bajaji Lipasukapo Njiani



Mwezi huu tulikuwa tumekusudia kuandika juu ya usingizi wa watoto, lakini jambo lililotupata Kariakoo limetulazimisha kuyaweka hayo kando. Twataka kusema nanyi juu ya tairi la bajaji. Msomaji asicheke. Nyumba za Dar es Salaam zisizokuwa na mtu apandaye bajaji, au aiendeshaye, au aimilikiye na kuingoja hesabu yake jioni, siku hizi ni chache sana. Na watoto wetu wengi huenda chuoni na kurudi kwa chombo hicho hicho.

Jumamosi moja baada ya adhuhuri tulitoka Mtaa wa Kongo pamoja na wanafunzi wetu wanne, tukiwa na mikeka miwili na katoni moja ya juzuu. Chuo chetu kiko upande wa Posta, na tangu bajaji zilipokatazwa kuingia katikati ya jiji mwaka 2014 tumezoea kushukia Mnazi Mmoja na kuimaliza safari kwa miguu. Kijana dereva alitutazama, akatuhesabu, kisha akasema kwa adabu, "Shekhe, nyinyi ni wengi, na mzigo huo. Chukueni bajaji mbili." Sisi tukamjibu, "Mwanangu, hawa ni watoto tu, watabanana. Tutakuongezea elfu moja." Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Haya, shekhe." Mtoto mkubwa kuliko wote akaketi mbele ubavuni mwa dereva, sisi na watatu waliobaki tukajipanga nyuma, mikeka ikalala juu ya magoti yetu.

Tulipokuwa katika Barabara ya Uhuru, Mnazi Mmoja imekwisha kuonekana, ulisikika mlio kama wa fataki. Pale pale bajaji ikazama upande wa nyuma kushoto na kuanza kuvutwa kuelekea ukingoni, walipopanga biashara zao wauza matunda. Mtoto mmoja akapiga kelele. Sisi wenyewe, twakiri, tulimshika dereva bega na kumwambia, "Breki! Breki!"

Hakushika breki. Alisema kwa sauti moja tu, "Tulieni, mtu asisogee," akaachia mafuta, akaushika usukani kwa mikono miwili, na bajaji ikaendelea mbele huku ikitetemeka kama mtu mwenye homa. Daladala iliyokuwa nyuma yetu ikapiga honi, naye hakugeuka kuitazama. Mwendo ulipokwisha kupungua, ndipo alipogusa breki kidogo kidogo, akaelekea kushoto taratibu na kusimama. Meza ya machungwa ilikuwa mbele yetu hatua tatu hivi, na mama mwenye meza alikuwa amekwisha kuinuka na sahani yake ya wali mkononi. Alhamdulillahi, hakuna aliyeumia.

Kijana alipokuwa akifungua gurudumu, tulimwuliza kwa nini hakutaka kushika breki. Aliyotueleza, pamoja na yale tuliyoelezwa baadaye na fundi mmoja mtu mzima wa Gerezani, ndiyo twayaandika hapa.

Bajaji si gari, wala si pikipiki. Gari lina miguu minne. Mmoja ukilegea, mitatu yasaidia. Bajaji ina gurudumu moja mbele liongozalo, na mawili nyuma yabebayo. Likipasuka la mbele, usukani huwa mzito mara moja na kutupwa huku na huku. Dereva akikanyaga breki kwa nguvu, uzito wote wa chombo na wa abiria huinama mbele na kulilemea gurudumu lile lile lililokufa, na tairi laweza hata kuchomoka katika rimu. Kwa hiyo yampasa aushike usukani imara uwe sawa, aachie mafuta, aiache gia mahali ilipo ili injini yenyewe ipunguze mwendo, na breki iwe ya mwisho, tena kwa kugusa tu.

Likipasuka la nyuma, kama lilivyotupata sisi, chombo huzama upande huo na kuvutwa kuelekea huko huko. Hapa ndipo penye hatari iliyowapindua wengi. Dereva akishtuka, mkono wake huukimbilia upande wa pili: chombo chavutwa kushoto, naye aukata usukani kulia kwa ghafla. Basi uzito wote hutupwa kushoto, juu ya ile pembe isiyokuwa na upepo, na bajaji hulala. Likipasuka la nyuma kulia, chombo huvutwa kuelekea magari yajayo, na hofu huwa kubwa zaidi. Lakini dawa ni ile ile, kukirudisha kwa nguvu ya kadiri, kwenda sawa mpaka mwendo uishe, ndipo kuelekea kushoto. Kijana wetu alisema neno lililotupendeza: "Shekhe, usigombane nayo. Ishike tu isikushinde."

Na abiria je? Abiria ana kazi moja, nayo ni kutulia. Asimshike dereva kama tulivyofanya sisi, asiruke, asitoe mguu nje kana kwamba ataizuia bajaji kwa kisigino, wala wote wasihamie upande mmoja. Mama mwenye mtoto na amkumbatie na kuegemea nyuma. Chombo kikisha simama, watu washuke upande wa kushoto, mbali na magari, na watoto wapelekwe mpaka penye watembeao kwa miguu. Wasiachwe nyuma ya bajaji wakiangalia gurudumu likifunguliwa. Taa za tahadhari ziwashwe, na pembetatu iwekwe nyuma kwa umbali wa kutosha. Huku mjini twaona watu wakiweka tawi la mti hatua mbili tu kutoka kwenye chombo. Dereva ajaye kwa mwendo atalionaje kwa wakati? Tena, katika barabara zenye njia ya mabasi yaendayo haraka, ambayo yalianza mwaka 2016, dereva asiingie katika njia ile kutafuta nafasi ya kusimama. Basi lile ni refu, na halina pa kukwepea.

Baadhi ya vijana, wakiwa karibu na fundi wa pancha, huendelea kwenda na tairi lililolala ili waokoe muda. Huokoa dakika kumi na kupoteza tyubu, na tairi, na pengine rimu. Na kwa kuwa tumeitaja rimu, kuna jambo ambalo mafundi wachanga wa pembeni mwa njia wangeambiwa kila siku. Rimu ya bajaji mara nyingi huwa ya vipande viwili vilivyoshikwa pamoja kwa nati. Ziko nati zilifungazo gurudumu mahali pake, na ziko hizi zinazovishika vipande viwili. Mtu akizifungua hizi za pili wakati upepo ungalimo ndani, kipande chaweza kumrukia usoni kwa nguvu ya kuvunja mifupa. Upepo utolewe wote kwanza, ndipo spana iguse nati hizo. Na wakati wa kuinua bajaji, abiria wote wawe wameshuka, breki ya mkono imefungwa, na mawe yamezuia magurudumu yaliyobaki. Maana tumewaona vijana wanne wakiiinua kwa mabega huku bibi mzima ameketi ndani na kikapu chake, ati hataki kusumbuliwa.

Tairi hili la upepo tulionalo kuwa ni la magari makubwa, historia yake yaanzia kwa mtoto. John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo, Mskoti aliyekuwa akikaa Belfast, alilitengeneza kwa ajili ya baiskeli ya mwanawe mdogo, baiskeli ya magurudumu matatu, na mwaka 1888 akapata hati ya uvumbuzi huo. Mskoti mwingine, Robert William Thomson, alikuwa amekwisha kulipata wazo hilo katika miaka ya 1840, lakini watu wa wakati wake hawakulishughulikia. Basi tairi la upepo la Dunlop lilianza chini ya chombo cha magurudumu matatu, likiwa limebeba mtoto mmoja. Siyo sita.

Sasa tuje kwenye sababu. Watu wengi hudhani tairi hupasuka kwa sababu ya kujazwa mno, na kwa hiyo jua la Dar es Salaam likiwa kali hupunguza upepo. Fundi wa Gerezani alicheka tulipomwambia hayo. Tairi lenye upepo mchache, alisema, hujikunja na kujikunjua mbavuni kila linapozunguka, na kujikunja huko huleta moto. Ukiongeza mzigo, moto huzidi, nyuzi za ndani huachana, na siku moja hupasuka mahali ambapo hapana hata msumari. Upepo upimwe asubuhi kabla chombo hakijatembea, kwa kipimo kilichoandikwa katika kitabu chake, wala si kwa kupiga teke. Kadhalika mbavu za tairi zitazamwe kama zina nyufa, na meno yake kama yamekwisha. Ubavuni pia pana tarakimu nne zinazosema lilitengenezwa lini: mbili za kwanza ni juma, mbili za mwisho ni mwaka. Lililoandikwa 3521 lilitengenezwa katika juma la 35 la mwaka 2021. Mtu anunuapo tairi lililokwisha kutumika na kupakwa rangi nyeusi lipendeze, na azitafute tarakimu hizo kabla hajatoa fedha.

Kuhusu mzigo tutasema machache, kwa kuwa si sisi wa kumhubiria mtu. Jina lenyewe la Kariakoo latokana na Carrier Corps, wale wapagazi wa jeshi la Waingereza wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na mpaka leo mtaa ule haujapumzika kubeba. Bajaji imetengenezwa kwa dereva mmoja mbele na abiria watatu nyuma. Yule mtoto tuliyemketisha ubavuni mwa dereva alikuwa ameubana mkono wake wa kushoto. Tairi lilipopasuka, ilimlazimu kijana kwanza amsukume mtoto kwa kiwiko ndipo aushike usukani sawasawa. Huo ulikuwa muda wa kufumba na kufumbua. Lakini ingekuwa ni tairi la mbele, je?

Tairi lililopasuka tulilishika kwa mikono yetu. Lilikuwa laini kama kisigino cha ndara ya zamani. Tulimwuliza kijana kwa nini analitumia tairi kama hilo, akasema amekwisha kumwambia tajiri wake mara mbili, na mara zote mbili akajibiwa, "Maliza kwanza hesabu ya wiki hii." Alipolitaja jina la tajiri huyo tulistaajabu, maana ni mtu tumjuaye vizuri, huswali katika msikiti wetu, na mjukuu wake ni mwanafunzi wetu.

Ijumaa, baada ya swala, tulimwendea. Tulimweleza yaliyotokea, naye akasikitika kwa dhati, akawauliza watoto mmoja mmoja kwa majina. Kisha akasema, "Ajali ni kadari, shekhe." Tukamwambia kuwa kadari hatuipingi, lakini tairi lile aliambiwa mara mbili, na kijana hana fedha ya kulinunua, kwa kuwa apatacho chote asubuhi ni chake yeye tajiri, na cha jioni ni cha mafuta na cha watoto wake. Dereva asiyeweza kukosa hesabu hata siku moja hawezi kusimama kutazama tairi. Tulisema maneno mengi, na pengine sauti yetu ilipanda kidogo, kama ilivyo desturi ya walimu.

Alitusikiliza mpaka mwisho. Halafu akatuuliza kwa upole, "Na ndani ya bajaji mlikuwa watu wangapi?"

Tukamwambia, sita pamoja na dereva. Na mikeka. Na juzuu.

Hakusema neno zaidi, nasi hatukuwa na la kusema. Tulikaa barazani kwa muda, akaagiza kahawa, tukanywa. Jumatano iliyofuata kijana alipita karibu na chuo chetu akatuita tutoke nje tuangalie: nyuma kulikuwa na matairi mawili mapya, na lile la mbele, alituambia, litafuata mwisho wa mwezi. Tulizisoma tarakimu ubavuni mbele ya wanafunzi, kila mmoja akataka kuzigusa. Nasi tangu siku hiyo twendapo Kariakoo na watoto twachukua bajaji mbili. Nauli ya ile ya pili haitozwi kwa wazazi. Twaitoa mfukoni mwetu.