MWISHO WA NORA USIGEUZWE



Tangu kikundi cha teatri kilitangaza kwamba kitacheza «Maison de poupée» siku ya wazazi, maneno hayaishi, si fasi ya kula, si kwenye robine, si mu enternati wakati taa zimekwisha kuzimwa. Neno lenyewe ni hili: wamoja wanaomba mwisho wa muchezo ugeuzwe. Wanasema Nora asitoke. Abaki, alie, aombe bwana yake musamaha, rido ishuke, wazazi wapige mikono, na kila mutu arudi kwake na moyo mutulivu. Sisi tunaoandika ukurasa huu tunasema hapana. Tunaomba nafasi ya kueleza sababu zetu, bila kutukana mutu.

Kwa wadogo zetu ambao hawajasoma kitabu hiki katika somo la Kifransa, tueleze kidogo. Muchezo uliandikwa na Henrik Ibsen, mutu wa Norwei, aliyezaliwa mwaka 1828 na kufa 1906. Ulichezwa mara ya kwanza Copenhagen, katika Denmarki, tarehe 21 mwezi wa 12, mwaka 1879. Jina lake linasema habari ya pupe, ile sanamu ya mutoto ambayo wasichana wadogo wanaibeba mugongoni na kuivika nguo. Nyumba ya pupe ni nyumba nzuri, lakini anayekaa ndani yake hana sauti.

Nora ni mama wa nyumbani, ana watoto watatu. Bwana yake, Torvald Helmer, ni avoka, na mwaka mupya ukifika atakuwa direktere wa banki. Anamupenda bibi yake namna mutu anavyopenda ndege wa nyumbani. Anamwita majina ya ndege na ya nyama wadogo, anamupa feza ya matumizi kidogo kidogo, anamukataza hata kula vitu vitamu, naye Nora anavila kwa kujificha.

Mambo yote yanapita katika siku tatu za Noeli, lakini mizizi yake ni ya miaka ya nyuma. Torvald aligonjwa sana, na wadaktari wakamwambia Nora kwamba asipopelekwa inchi ya joto atakufa. Nora akakopa feza, kroner 4800, akamudanganya bwana yake kwamba zimetoka kwa baba, wakaenda Italia, na Torvald akapona. Lakini kwa sheria ya wakati ule, mwanamuke mwenye bwana hakuweza kukopa bila ruhusa ya bwana yake. Iliomba baba yake atie sinyatire kwenye karatasi ya deni. Baba alikuwa mugonjwa wa kufa, Nora hakutaka kumusumbua, akaandika sinyatire ile yeye mwenyewe. Tarehe ndiyo ilimushitaki: ilikuwa siku tatu nyuma ya kifo cha baba.

Aliyemukopesha, Bwana Krogstad, anafanya kazi katika banki ile ile, na Torvald anataka kumufukuza. Basi Krogstad anatia barua katika buati ya barua. Torvald anapoisoma anawaka moto. Anamwita bibi yake muongo na mutu wa makosa makubwa, anasema hatamwachia tena kazi ya kulea watoto. Kidogo tu, barua ya pili inafika: Krogstad amerudisha karatasi ya deni. Mara moja Torvald anafurahi kwamba yeye ameokoka, na anasema amemusamehe Nora. Hapo Nora anakwenda kuvua nguo za dansi, anavaa nguo za kila siku, anamwomba bwana yake aikae, na wanazungumuza. Mwisho anamurudishia pete, anatoka, na mulango wa chini unasikika kufungwa.

Sasa tufike kwenye mabishano yetu.

Wenye kutaka kugeuza mwisho wanasema: mama hawezi kuacha watoto wake. Neno hili hatulicheki hata kidogo. Kati yetu kuko wale ambao mama aliondoka au baba aliondoka, na wanajua namna nyumba inabaki. Lakini muchezo wenyewe haufichi uchungu huu. Muangalie yaya wa nyumba ile, Anne-Marie. Yeye alizaa mutoto, akamwachia watu wengine, kusudi apate mushahara wa kumunyonyesha Nora mwenyewe wakati Nora alikuwa mutoto mudogo. Hakuna mutu katika kikundi aliyeomba sehemu ya Anne-Marie igeuzwe. Mama maskini akiacha mutoto wake juu ya mushahara, tunaona ni maisha tu. Mama wa nyumba nzuri akitoka kwa kutafuta akili yake, tunalia kwamba dunia inaanguka. Je, hii ni haki?

Tena, tunaona kwamba watu wanatazama mulango sana kupita kiasi. Wanafikiri kugeuka kwa Nora kunafanyika pale mulangoni, kama vile mutu aliyekuwa mutoto amekuwa mutu muzima kwa usiku mumoja. Musome tena sehemu ya kwanza. Nora analipa deni lile tangu miaka. Bwana akimupa feza ya nguo, anatumia nusu, nusu nyingine anaweka kwa deni. Siku za baridi alipata kazi ya kunakili maandiko, akajifungia ndani na kuandika hata usiku wa manane, na ndani ya nyumba wakafikiri anatengeneza mapambo ya Noeli. Huyu si pupe. Huyu ni mutu aliyebeba nyumba muzima mabegani, na jioni anaruka na kuimba kusudi mwenye nyumba asijue ni nani anamubeba.

Basi sisi tunasema hivi: Nora hageuki kuwa mutu mwingine. Anaacha kujificha. Jambo kubwa la muchezo linafanyika mezani, wakati wawili wanaikaa uso kwa uso, na Nora anamwambia bwana yake kwamba katika miaka nane ya ndoa hawajazungumuza neno la maana hata mara moja. Miaka nane, watoto watatu, kitanda kimoja, na mazungumuzo hakuna! Mulango unakuja nyuma tu, kama matokeo. Ukiuondoa, mazungumuzo yale yanakuwa kelele ya bibi aliyekasirika, na kesho asubuhi kila kitu kinarudi fasi yake.

Na mujue kwamba mwisho huu ulikwisha kugeuzwa mara moja, zamani. Katika Ujerumani, mwaka 1880, muchezaji mukubwa, Hedwig Niemann-Raabe, alikataa kucheza Nora anayeacha watoto. Wakati ule sheria haikulinda kazi ya Ibsen katika inchi ile. Kila mutu angeweza kuikata namna anavyotaka. Ibsen akaona afazali aigeuze yeye mwenyewe kuliko kuachia wengine. Akaandika kwamba Torvald anamuvuta Nora hata mulango wa chumba cha watoto wanaolala, Nora anaanguka chini, rido inashuka. Lakini yeye mwenyewe alisema waziwazi kwamba hii ni kutendea muchezo ukatili. Leo, fasi zote za dunia, unaochezwa ni mwisho wa kwanza. Tutakuwa sisi, nyuma ya miaka zaidi ya 140, ndio tunarudilia kosa ambalo mwenye kuandika alijutia?

Kuko na jambo lingine ambalo linapasa kujulikana. Ibsen hakutoa habari hii hewani. Alimujua mwanamuke muandishi, Laura Kieler, aliyekopa feza kwa siri kusudi bwana yake mugonjwa wa kifua apone. Deni likamushinda, naye akaandika karatasi ya uongo. Ilipojulikana, mwaka 1878, bwana yake akamukataa, watoto wakaondolewa kwake, akatiwa katika nyumba ya wagonjwa wa akili. Nyuma yake alirudi kwa bwana yake. Muone basi: katika maisha ya kweli si mama aliyefunga mulango, ni yeye aliyefungiwa. Wanaosema kwamba Ibsen amezidisha ukali, wajue kwamba amepunguza.

Wengine wanasema: hayo ni mambo ya Wazungu, mambo ya inchi ya baridi. Ee ndugu, musiharakishe. Norwei ilimupa mwanamuke mwenye bwana haki ya kutawala mambo yake mwaka 1888, miaka tisa baada ya muchezo kuchezwa. Sisi huku, Kode ya Familia ya tarehe 1 mwezi wa 8, mwaka 1987, katika kipande cha 448, ilisema kwamba mwanamuke mwenye bwana anapashwa kupata ruhusa ya bwana yake kwa kila tendo la sheria linalomufunga kufanya kazi au kutimiza ahadi yeye mwenyewe. Kipande kile kiligeuzwa tarehe 15 mwezi wa 7, mwaka 2016, na sasa sheria inaomba bibi na bwana wapatane. Kwa hivi mama zetu wengi waliolewa chini ya sheria ambayo Nora angeitambua mara moja. Hawakungoja Ibsen awaeleze.

Na leo, nje ya sheria, tuangalie ndani ya nyumba zetu. Ni mama wangapi wanaolipa minervali yetu na feza ya likelemba, ya unga, ya mafuta, ya samaki wa kukauka? Wanaamuka mbele ya jua, wanajua bei ya kila gunia. Lakini wageni wakifika, wanaikaa kimya kama vile hesabu ni jambo la baba tu, kusudi heshima ya nyumba isiguswe. Hatusemi kwamba baba zetu ni wabaya. Hata Torvald si mubaya namna ile: anafanya kazi, halewi, hapigi bibi. Ndiyo maana inafaa wazazi wamuone. Kama angekuwa mulevi, kila baba katika sale angesema: huyu si mimi. Torvald ni mutu mwema ambaye hajamuuliza bibi yake jambo la maana hata siku moja.

Kuko walimu waliotuambia kwamba muchezo unafundisha wasichana kuvunja ndoa. Tunawajibu kwa heshima: musisahau Mama Kristine Linde, rafiki wa Nora. Ni mujane, na zamani alipendana na Krogstad. Usiku ule ule ambao Nora anatoka, Kristine anapatana na Krogstad kujenga nyumba pamoja. Kila mumoja anajua makosa ya mwenzake, na hakuna kinachofichwa. Mwanamuke mumoja anatoka katika nyumba ya uongo, mwingine anaingia katika nyumba ya ukweli. Muchezo hausemi: wanawake, mutoke. Unasema: nyumba isiyo na mazungumuzo haiwezi kuitwa ndoa.

Wanaogopa tena yale maneno ya Nora juu ya dini, kwamba anajua tu yale muchungaji alimufundisha siku za kupokelewa kanisani, na kwamba anataka kuchunguza mwenyewe kama ni kweli. Lakini shule inayotupa Biblia mukononi na kutuambia kila mutu asome mwenyewe, itaogopaje mutu anayetaka kuchunguza?

Kwa hiyo tunaomba Bwana Prefe na kikundi cha teatri mambo matatu. La kwanza, mwisho uchezwe kama ulivyoandikwa, na muchezaji wa Torvald aachwe peke yake mbele ya watu wakati kidogo, asikimbizwe na rido. La pili, nyuma ya muchezo wazazi wapewe nusu saa ya kusema; baba na mama wote wawili, si baba tu. La tatu, kama wakubwa wetu wanaona kwamba mwisho huu ni muzito sana kwa siku ile, basi tuchague muchezo mwingine kabisa. Afazali tusicheze Nora kuliko kucheza Nora aliyekatwa ulimi.

Na kwa wavulana wenzetu, neno moja. Tunabishana kila siku kama Nora alifanya vizuri kutoka. Hakuna hata mumoja anayeuliza kama Torvald alifanya vizuri kungoja mpaka barua. Sisi tutaoa, Mungu akipenda. Muulizane hilo hata kabla ya repetisyo ya siku ya tatu.

Anayefikiri namna nyingine atuandikie. Ukurasa uko wazi, na jibu lake litapigwa katika namba inayokuja.

Kikundi cha uandishi, mwaka wa tano