Mbiru ya Upare bado yasubiri riwaya yake

RIWAYA ya Kuli ya Shafi Adam Shafi, iliyochapishwa mwaka 1979, inamfuata kijana Rashidi hadi kwenye mgomo wa makuli wa Zanzibar wa mwaka 1948. Upareni moto wa aina hiyo uliwaka miaka mitatu kabla, Vita Kuu ya Pili ikiwa haijaisha.

Januari 1945, maelfu ya wanaume walishuka milimani na kupiga kambi Same, makao makuu ya wilaya, kupinga mbiru, kodi iliyotozwa kwa kukadiria mali ya mtu. Kodi ya kichwa hawakuikataa. Walichokataa ni makadirio. Baadaye wanawake wa Usangi nao walimkabili ofisa wa kikoloni: amalize suala hilo, ama awazalishe yeye, maana waume zao wako Same.

Marehemu Profesa Isaria Kimambo aliyaandika hayo kwa Kiingereza mwaka 1971. Ni kazi ya mwanahistoria, na nzuri. Lakini kijana aliyeachiwa mbuzi na migomba, baba yake yuko kambini, tutamsoma wapi? Aliyekuwa na miaka 15 wakati ule sasa amevuka 90. Mtunzi anayemtaka apande Usangi mapema.