Tupige Picha Kabla ya Rangi

Wakazi wa Kyambogo, Banda, Nakawa, Ntinda na Kireka, tunawaomba jambo dogo lisilohitaji mfadhili wala kibali cha wizara. Kabla duka la mtaani kwenu halijapakwa rangi upya, na kabla nyumba ya zamani haijabomolewa, lisomeni lililoandikwa ukutani, mlipige picha, kisha mliweke mahali ambapo mtoto wa leo atalikuta akiwa mzee.

Chukueni duka lolote la zamani kando ya barabara ya Jinja ambalo ukuta wake umekodishwa kwa tangazo la simu. Rangi ya juu hubanduka kwanza kwenye kona ya mlango watu wanapoegemea, na chini ya dirisha mvua inapopiga. Hapo ndipo rangi ya chini inapochungulia, na chini yake nyingine tena. Celtel ilianza huduma za simu za mkononi Uganda mwaka 1995, MTN ikafuata 1998. Celtel ikageuka Zain mwaka 2008, na Zain ikawa Airtel mwaka 2010. Orange iliuzwa kwa Africell mwaka 2014, na Africell ikafunga virago Oktoba 2021. Kila jina lilipobadilika, vijana wenye ndoo na brashi walirudi mtaani. Kwa hiyo ukuta wa muuza sukari na sabuni umebeba miaka zaidi ya ishirini ya biashara yetu, na hakuna kitabu kinachomtaja muuzaji huyo.

Katikati ya Kampala na katika barabara kuu ya mji wa Jinja yapo maandishi ya zamani zaidi. Juu ya milango ya maduka mengi kuna majina ya wenye mali wa Kihindi na mwaka wa ujenzi. Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 kuondoka. Maduka yakapata wenyewe wapya na rangi mpya, lakini herufi zilizofinyangwa kwa saruji hazifutwi na brashi. Jua la asubuhi likipiga ukuta kwa ubavu, jina linasomeka.

Kilima chetu cha Kyambogo nacho kina maandishi yake. Wengi wanaopita geti la Chuo Kikuu cha Kyambogo wanajua kilianza mwaka 2003. Wachache wanajua kwamba mwaka huo ziliunganishwa taasisi tatu. Chuo cha ufundi kilitokana na shule ndogo iliyoanzishwa mwaka 1928 katika kilima cha Makerere na kuhamia hapa 1958. Chuo cha ualimu kilianzia Nyakasura, Fort Portal, mwaka 1948. Taasisi ya elimu maalumu nayo ilizaliwa ndani ya chuo hicho cha ualimu, ikajitegemea 1998. Waliosoma hapa zamani bado wanasema ITEK, yaani chuo cha ualimu, na UPK, yaani chuo cha ufundi, na popote majina hayo yanapobaki, kwenye kibao, dawati au mlango wa stoo, ni ushahidi. Wanafunzi wanaolala bweni la Kulubya nao waambiwe kwamba Serwano Kulubya ndiye Mwafrika wa kwanza kuwa meya wa Kampala, mwaka 1959.

Tunasema haya sasa kwa sababu tumeshaona jinsi vitu vinavyotoweka. Nyumba za Nakawa na Naguru, zilizojengwa wakati wa ukoloni kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika, zilibomolewa Julai 2011. Waliozaliwa humo wakitaka kuwaonyesha wajukuu mlango wa kwao, wanategemea picha za harusi na za ubatizo. Na barabara mpya ya kasi ya Kampala hadi Jinja imepangwa kuanzia Nakawa hapo hapo. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Wapo watakaouliza: watu hawana kazi, ninyi mnahangaika na rangi kuukuu? Wengine watasema mwenye nyumba ana haki ya kupaka rangi anayotaka. Ni kweli, anayo. Hatumzuii mtu kujenga, na hatutaki kumwekea maskini sheria juu ya ukuta wake. Tunataka kumbukumbu ichukuliwe kwanza. Nchi ilipata sheria mpya ya makumbusho na maeneo ya kihistoria mwaka 2023, ikichukua nafasi ya ile ya 1967, lakini sheria haiwezi kulinda jambo ambalo hakuna aliyeliorodhesha. Mwaka 2011 ulipotangazwa mpango wa kujenga mnara wa biashara penye Makumbusho ya Uganda, wananchi walipinga hadi mahakamani, na jengo la makumbusho bado lipo Kitante. Waliweza kulitetea kwa sababu thamani yake ilijulikana. Duka la Banda halina mtetezi kwa sababu halijaandikwa popote.

Basi tufanye hivi.

Vijana wenye simu: pigeni picha mbili za kila maandishi, moja kutoka ng'ambo ya barabara ili jengo zima lionekane, nyingine karibu ili herufi zisomeke. Nendeni baada ya mvua, maana ukuta uliolowa huifufua rangi iliyofifia. Andikeni mtaa, tarehe na lugha, iwe Kiganda, Kiingereza, Kiswahili au Kigujarati. Msiache namba za simu na sanduku la posta, kwani namba fupi ya simu ya mezani husaidia kukisia umri wa tangazo.

Wala msiende peke yenu. Katika mji huu mtu akionekana anapiga picha nyumba ya mwenzake, watu hudhani ardhi imeuzwa au tingatinga linakuja. Pitieni kwanza kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, mwombeni mwenye duka ruhusa, mwelezeni nia, na mwachieni nakala ya picha.

Wenyeviti wa LC1: mkipata habari kwamba nyumba ya zamani itabomolewa, tuambieni wiki moja kabla.

Wazee, na hasa mafundi mliokuwa mkiandika mabango kwa mkono kabla ya mashine za kuchapa kuingia: tupeni majina yenu. Kazi zenu zilipambwa kwa jina la mteja, la kwenu halikuandikwa.

Wenye majengo: mnapopaka upya, acheni kipande cha mita moja chenye maandishi ya zamani. Hakitawapunguzia kodi.

Chuo Kikuu cha Kyambogo: mna wanafunzi wa sanaa na usanifu wa kunakili herufi, wa historia wa kuhoji wazee, na wa upimaji wa kuchora ramani. Tunawaomba muwape kazi hii kama zoezi la masomo, na maktaba yenu ipokee picha na kuziweka wazi kwa umma.

Walimu wa sekondari: mtaala mpya wa sekondari ya chini ulioanza 2020 unamtaka mwanafunzi afanye miradi, na kituo cha taifa kinachotunga mitaala kiko papa hapa Kyambogo. Mradi gani ulio rahisi na wenye manufaa kuliko kusoma mtaa wako mwenyewe?

Tuanze Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, kila kijiji na kundi lake, kila kundi na daftari lake. Mwisho wa muhula tukusanye madaftari yote, tuyapeleke chuoni kwa pamoja, na nakala moja ibaki kwa mwenyekiti wa kila kijiji ili asiye na simu naye aweze kuisoma.