Kiwanda kije Nyakoe, lakini tuulize maswali kwanza

Pita stejini Nyakoe saa nne asubuhi, siku ya kazi, utatuona. Pikipiki zimepangwa kando ya barabara ya kutoka Kisii kwenda Oyugis, abiria ni wachache, na baadhi ya wenye pikipiki hizo wana diploma ndani ya bahasha nyumbani. Stori ni zile zile: mpira, siasa na mboka. Mwanasiasa akisimama hapo, kuna ahadi moja inayompa makofi bila kutoa jasho, nayo ni kwamba atatuletea kiwanda.

Sisi hatupingi kiwanda. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii, zaidi ya watu 900 kwa kila kilomita mraba. Shamba la babu liligawanywa kati ya baba na ndugu zake, na likigawanywa tena kwetu, kila mmoja atapata mahali pa nyumba na migomba michache. Anayemwambia kijana wa Kitutu arudi shambani amwonyeshe kwanza hilo shamba liko wapi. Ndizi na avokado zetu zinapakiwa kwenye malori zikiwa mbichi, na faida ya kuzisindika inabaki kwingine. Pia, tangu 2023 serikali imekuwa na mpango wa kujenga maeneo ya viwanda katika kaunti, ambapo Serikali Kuu inatoa Sh250 milioni na kaunti husika inaongeza kiasi kama hicho. Kwa hivyo habari ya viwanda si ndoto tu.

Lakini kabla ya kupiga makofi, tuangalie wenzetu wa Webuye.

Kiwanda cha karatasi cha Pan African Paper Mills, yaani Panpaper, kilianza uzalishaji 1974. Serikali ilikuwa na hisa humo pamoja na wawekezaji kutoka India na tawi la Benki ya Dunia. Kwa miaka mingi Webuye ilijulikana kama mji wa karatasi. Zaidi ya watu elfu moja waliajiriwa moja kwa moja, na mama mboga, wenye nyumba za kukodisha, madereva na wauza magogo wote walikula kupitia kiwanda hicho hicho.

Mji nao ulilipa bei yake. Hewa ilinuka kama mayai viza. Wakazi walilalamika kwamba mabati ya nyumba zao yalikuwa yakioza kwa kutu upesi, vifua vikiwasumbua, na Mto Nzoia ukipokea maji machafu. Wengi walivumilia kwa sababu harufu hiyo ilikuwa pia harufu ya mshahara.

Halafu, Januari 2009, Panpaper ikafungwa kwa sababu ya madeni, bili ya stima ikiwemo. Ikafunguliwa 2010, ikasimama tena, na 2016 ikauzwa kwa mwekezaji wa kibinafsi kwa Sh900 milioni. Wakati huo wote vijana walikua wakisubiri geti lifunguliwe. Mzazi aliyelipa karo kwa mshahara wa kiwanda alibaki bila kitu, na mtoto akatumwa nyumbani kutoka shuleni. Nyumba za kupanga zikabaki tupu. Mji mzima ulikuwa umefungwa kwenye kamba moja, na kamba ikakatika.

Usiseme Webuye ni mbali. Hapa Gusii tuna hadithi yetu ya kahawa. Wakulima wa hapa walikuwa miongoni mwa Waafrika wa kwanza nchini kuruhusiwa kupanda zao hilo, miaka ya 1930. Waulize wazee: kahawa ililipa karo, ikajenga nyumba za mabati, ikawapa vyama vya ushirika nguvu. Baada ya mkataba wa kimataifa wa kahawa kuvunjika 1989, bei ikaanguka, huku usimamizi mbaya wa vyama ukimaliza kilichobaki. Kenya iliyokuwa ikizalisha karibu tani 130,000 mwishoni mwa miaka ya 1980 ilishuka hadi chini ya tani 50,000. Watu wakang'oa mikahawa.

Wengi walijaza pengo hilo kwa mikaratusi. Inakua haraka na pesa yake haina longolongo. Shida ni kwamba wengine waliipanda hadi kwenye mabonde na chemchemi, nayo inafyonza maji vibaya sana. Mnamo 2009, aliyekuwa Waziri wa Mazingira, marehemu John Michuki, aliagiza ing'olewe kando ya mito. Tembea mabondeni leo uone kama agizo hilo liliheshimiwa. Hivyo ndivyo uchumi ukianguka mto nao hulipa. Na chemchemi ikikauka, anayetembea mbali na mtungi mara nyingi ni msichana ambaye angekuwa anafanya homuwaki.

Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Sawa, lakini mwenyeji mwenye akili humuuliza mgeni anakotoka na atakaa siku ngapi. Sisi tuna maswali matatu kwa yeyote atakayekuja Nyakoe na ramani ya kiwanda.

La kwanza, maji machafu yataenda wapi? Mto Nyakomisaro unaopita mjini Kisii tayari umechoka kwa taka na maji machafu ya mji. Maji yake yanaishia Mto Kuja, na Kuja unaishia Ziwa Victoria. Hatuwezi kuuongezea mzigo.

La pili, kazi zitakuwa za nani? Kama mafundi wa mitambo watatoka nje na sisi tubaki wa kubeba magunia, tuambiwe mapema. Vyuo vya kiufundi vya hapa vianze kufundisha kozi zinazohitajika kabla mashine haijawasili, wala si baada ya sherehe ya kukata utepe.

La tatu, siku kikifungwa nini kitabaki? Wakulima wawe na hisa kupitia ushirika, na sehemu ya mapato iende kwa basari na maabara za shule zetu. Mashine inaweza kung'olewa usiku mmoja, lakini elimu aliyopata mtoto haing'oki.

Na tusidhani kuuliza ni kuringa au kufukuza wawekezaji. Kifungu cha 42 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira safi. Kifungu cha 70 kinakuruhusu kwenda kortini haki hiyo ikitishiwa, hata kama wewe mwenyewe hujadhurika bado. Sheria pia inataka mradi mkubwa ufanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira, na wananchi watoe maoni kabla NEMA haijatoa leseni.

Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, wanajua gharama ya kuchelewa. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari kiliwamwagia sumu ya risasi, sumu inayoharibu akili za watoto, hadi kilipofungwa 2014. Mwanamazingira Phyllis Omido na wakazi walipambana kortini miaka mingi. Ni Desemba 2024 tu Mahakama ya Juu iliporejesha fidia ya Sh1.3 bilioni waliyopewa 2020. Walishinda, ndiyo. Lakini hakuna korti inayoweza kumrudishia mtoto damu safi.

Kwa hivyo, msee wa Nyakoe, kikao kijacho cha maoni ya umma kikitangazwa, usiwaachie wazee na wanaotafuta soda ya bure. Paki boda saa mbili tu. Wewe mwanafunzi wa chuo uliye likizo, soma ile ripoti ya mazingira uwaelezee mama na baba kwa lugha wanayoielewa. Uliza maswali hayo matatu, na uhakikishe majibu yameandikwa kwenye kumbukumbu za kikao.

Kiwanda tunakitaka, tena sana. Tunataka pia mto wa kuchota maji, na shule ambayo kengele yake italia hata siku mitambo itakaponyamaza.