Shingo ya Gita Si Uganga

Wasee, hii story ya "shingo ya mepuli inalia kali, ya mahogani inalia nzito" tuiongee vizuri, juu inakula watu pesa.

Kuna muuzaji hapa Nairobi aliniambia niongeze 15,000 kwa gita ya umeme, eti shingo ya mepuli ina "sauti ya kioo". Mepuli ni ule mti jani lake liko kwa bendera ya Kanada. Mimi niliacha chuo, naishi kwa pesa ya video. 15,000 ni rent. Sikutoa.

Pikapu ya gita (si ile ya kubeba mahindi) ni sumaku na waya wa shaba. Inachosikia ni uzi wa chuma ukitetemeka, si mbao. Mpiga gita Mmarekani, Jim Lill, alifunga nyuzi hewani, hakuna mwili hakuna shingo, akacheza. Ilisikika karibu sawa na gita nzima. Video iko, itafute.

Watu hushika Fender ya mepuli na Gibson ya mahogani wakisema, "Sikia tofauti!" Manze, uzi wa Fender nyingi ni inchi 25.5, wa Gibson nyingi karibu 24.75. Pikapu pia si za aina moja. Sasa mbao imeingiaje hapo?

Sisemi shingo haina kazi. Shingo inayotetemeka sana hunyonya nguvu ya uzi, ndiyo maana besi zingine zina noti moja inayokufa haraka. Lakini hiyo inategemea ugumu na uzito wa kipande hicho hicho. Vipande viwili vya mti mmoja vinaweza tofautiana, kwa hivyo jina la mti pekee halikuambii kitu.

Mahali mbao ina maana kweli ni kutulia. Toa gita Nairobi upeleke Mombasa, ule unyevu utaonyesha shingo gani ilikaushwa vizuri na gani inapinda. Ikipinda, nyuzi zinagonga freti, zinalia zzz. Hapo uliza maswali mengi vile unataka.

Lakini kwa sauti? Nunua nyuzi mpya, lipa fundi asawazishe freti. Tofauti utaisikia siku hiyo hiyo.

Bado unabisha? Nitumie rekodi mbili, mepuli na mahogani, gita ile ile, pikapu zile zile. Usiniambie gani ni gani.